Kinyozi wa Ngamiani na Vichwa Anavyovikataa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi, na nyinyi wahitimu wetu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa, naomba nisimtaje kila mmoja kwa cheo chake, maana jua la Tanga mnalijua na watoto wamevaa majoho mazito.

Nilikuwa bwana afya katika mji huu mpaka nilipostaafu, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kukagua saluni na vibanda vya vinyozi. Nadhani walionialika walitarajia niwasomee kanuni za usafi. Kanuni hizo mmefundishwa, mmezifanyia mtihani na mmefaulu. Leo nataka kuwaeleza habari za kinyozi mmoja mzee wa Ngamiani. Jina lake silitaji. Nilipomwambia kwamba nitamzungumzia alinijibu, "Ukinitaja kwenye spika, mgosi, utatafuta pengine pa kunyolea." Kwa hiyo tutamwita Mzee, na inatosha.

Wenyeji mnajua kwamba mitaa ya Ngamiani ina namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea mpaka uchoke. Kibanda cha Mzee kiko kwenye mojawapo ya barabara hizo, na hakina bango. Zamani lilikuwapo, la bati, limechorwa kwa mkono vichwa vinne vya wanaume: denge, panki, afro na kipara. Mvua ilipokula rangi akaling'oa, akazibia paa. Ndani mna kiti kimoja cha mbao chenye egemeo la kichwa, benchi la watu watatu wakibanana, kioo kilichoingia madoa pembeni, redio, na kibao cha kuweka juu ya mikono ya kiti ili mtoto mdogo apate kimo. Wanaume wenye wajukuu sasa walikalia kibao hicho wakilia.

Mezani kuna mashine mbili za mkono, zile za kubana na kuachia, mikasi, vitana, brashi ya sabuni, bakuli la maji na kopo la poda. Wembe wa kukunja umetundikwa msumarini pamoja na ukanda wake wa ngozi wa kunolea. Mashine ya umeme anayo moja, alinunuliwa na mwanawe. Iko ndani ya boksi lake. Siku umeme unapokatika nyinyi mtakaa nje kuchati. Yeye ataendelea na mteja wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini msidhani nimekuja kuisifu mashine ya mkono. Mashine ya umeme yenyewe si ya juzi: Mmarekani Leo Wahl, wa mji wa Sterling huko Illinois, alipata hati ya kuimiliki ya kwake mwaka 1921, kabla Mzee hajazaliwa. Sikuja kushindanisha vyombo.

Mzee aliingia katika ufundi huu akiwa kijana, miaka ya 1960, wakati Tanga ilikuwa mji wa katani kwelikweli. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, na mashamba yalikuwa yametuzunguka, Muheza, Pangani, Korogwe. Anasema mapato ya kinyozi yalifuata mshahara wa shamba. Katikati ya mwezi unacheza bao. Siku ya mshahara ikifika, wakata mkonge wanashuka mjini, na kila mmoja anataka kula vizuri, kununua shati na kunyolewa. Unanyoa mpaka usiku kwa taa ya karabai. Baadaye nyuzi za plastiki zikaingia katika soko la dunia, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa, na mengine yakageuka vichaka. Mzee haelezi uchumi wa dunia. Anasema tu, "Vichwa vilipungua." Halafu, kama vile hayo hayakutosha, ikaja afro. Kijana mwenye afro miaka ile ya 1970 ulikuwa humwoni kibandani mpaka Idi.

Mafunzo yake hayakuwa na joho. Mwanzo alifagia nywele, akachemsha maji, akanoa. Wembe alipopewa, alipewa na dafu: alipake povu, alinyoe, na ganda lisiwe na mkwaruzo hata mmoja. Rais wetu wa awamu ya pili, marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliwahi kuifananisha timu yetu ya taifa na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayejifunza kunyoa hujifunzia hapo. Nchi nzima ilicheka, na msemo tunao mpaka leo. Mzee anasema fundi wake asingemruhusu kujifunzia hata kichwa hicho.

Sasa nifike nilipokuwa nakuja.

Siku moja karibu na shule kufunguliwa nilikuwa kwenye benchi nikisubiri zamu. Mama mmoja akaingia na mwanawe, mtoto wa darasa la pili hivi. Mzee akaweka kile kibao, mtoto akapanda. Mashine hakuishika. Alinawa mikono, akamgeuza mtoto kichwa kuelekea mwanga wa mlangoni, akapekua nywele kwa kitana, akapitisha vidole nyuma ya masikio na kushuka shingoni taratibu. Kisha akamteremsha.

"Mama, mjukuu wangu simnyoi leo."

"Kwa nini, babangu? Mwalimu amesema kesho wote wawe wamenyoa."

"Ana mapunye. Hapa, na hapa panaanza. Nywele zimekatikia chini kabisa, na shingoni ana vijitezi. Mpeleke kituo cha afya akapewe vidonge. Hiki si cha kupaka mafuta kikaisha."

"Basi ngoja nimpeleke pale saluni."

"Mpeleke, lakini waonyeshe hapa kwanza."

Mama yule aliondoka amenuna. Senti hakudaiwa. Jirani yangu kwenye benchi akasema, "Mzee, pesa hiyo imekwenda." Mzee akamjibu huku anasugua kile kitana kwa sabuni, "Ningemnyoa yeye, wiki ijayo ningekuwa nimewapa mapunye watoto wa barabara nzima."

Wahitimu, kila alichomwambia mama yule kilikuwa sahihi. Mapunye ni fangasi, huwashika zaidi watoto, na huhama kwa mashine, kitana, taulo, kofia. Kwa kuwa fangasi hao huingia ndani ya unywele wenyewe, dawa ya kupaka peke yake haiwafikii. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na anayeiandika ni mtaalamu wa afya. Tezi za shingoni huweza kuvimba. Mzee hakusoma hayo mahali. Aliyaona kichwa hadi kichwa, na kwa sababu mteja wake hurudi kwake, aliona pia kilichotokea baada ya wiki tatu. Hilo ndilo linalokosekana kwenye saluni nyingi za leo, ambako mteja hupita kwa kijana yeyote aliye huru na hakuna anayekumbuka kisogo cha nani kilikuwaje.

Kwa mtu mzima anakataa kwa namna nyingine. Anakuja dereva wa bodaboda, kisogoni ana vipele vigumu vilivyoanza kuungana, anataka mashine ipite sifuri, halafu amalizwe kwa wembe. Mzee atamkata nywele, ataweka panja vizuri, lakini kisogoni hashuki mpaka chini. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini ya ngozi, ncha inapoota hujichoma yenyewe ndani, pakavimba, na mwisho kovu likainuka. Kadiri unavyomnyoa chini zaidi ili vipele visionekane, ndivyo unavyovipalilia. Bodaboda atagomba. Mzee atamwambia, "Kichwa chako, mkono wangu," na mazungumzo yanahamia kwa timu yetu ya mpira, Coastal Union.

Msinielewe kwamba Mzee hana kasoro. Mimi nilimkagua miaka mingi, na tumegombana. Alikuwa na taulo moja kwa kila mtu, anaikung'uta tu mlangoni. Alikuwa na jiwe la shabu la kuzuia damu, na jiwe hilohilo lilizunguka kwenye mikato ya wateja wote. Nilimwambia alitwange liwe unga, achukue kidogo kwa pamba kila mara, pamba itupwe. Alilalamika kwamba serikali sasa inataka kumfundisha shabu. Akalitwanga. Kwenye taulo tulichukua muda mrefu zaidi, mpaka mkewe, Mungu amweke pema, alipoingilia kati na kumshonea dazeni nzima.

Lakini kuna jambo ambalo hakusubiri bwana afya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na hofu ilipoenea mpaka huku kwetu wateja wakaanza kuja na wembe mfukoni. Vinyozi wengi walichukia, waliona wanashukiwa. Mzee alichukulia kwamba mteja amemkumbusha kazi. Ule wembe wa kukunja akautundika pale msumarini, haujagusa ngozi ya mtu tena, akaanza kununua nyembe kwa pakiti. Anafungua karatasi mbele ya macho yako, anauvunja wembe katikati, nusu anaiweka kwenye mpini. Akimaliza inaingia kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo likijaa linatumbukizwa chooni, choo cha shimo. Hafungui mpaka uwe unatazama. Ukiwa unaangalia simu, atangoja.

Hapa niseme la kitaalamu kidogo, kisha niliache. UKIMWI ndio uliotutisha, lakini kwenye kiti cha kinyozi homa ya ini aina ya B ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kirusi chake huambukiza kwa urahisi kuliko VVU, na kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Chanjo ipo. Kabla hamjanunua mashine ya pili, nendeni mkachanjwe.

Na kile kikabati chenye taa ya bluu. Najua kila mmoja wenu ana ndoto nacho, kinapendeza, mteja akikiona anatulia. Mwanga ule unafanya kazi pale tu unapopagusa, na hauvuki uchafu. Kitana chenye mafuta na nywele, ukikilaza humo, upande wa chini na kati ya meno hakijaguswa. Kikabati ni mahali pa kuhifadhia kitu ambacho tayari kimesafishwa. Osheni kwanza, brashi, sabuni, maji. Vitana na vifaa vya plastiki mloweke dakika kumi kwenye dawa ya klorini. Ile ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Meno ya mashine yataota kutu kwa klorini, kwa hiyo hayo ni ya spiriti ya asilimia 70, tena baada ya kuondoa nywele zote. Ule mtindo wa kumwagia spiriti na kuwasha moto, ukazimika kabla hujamaliza kusema bismillahi, ni maonyesho ya mteja.

Narudi kwa Mzee. Ana wateja wawili wenye ualbino, ndugu. Nchi yetu inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu kama 1,400, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia, na jua linawaletea saratani ya ngozi mapema. Sasa fikirini: nani huona sehemu ya juu ya sikio la mtu, nyuma ya sikio, na kisogo, kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa mwanga, kwa karibu? Mwenyewe hawezi kujiona. Mkewe huenda haangalii. Daktari humwona akiwa ameshaumwa. Ni kinyozi. Mzee alimwona mmoja wa ndugu hao ana kidonda kidogo juu ya sikio, kama kimekwaruzwa. Mara iliyofuata kilikuwapo. Akakataa kumnyoa. Akamwambia, "Kidonda kisichopona si cha kinyozi." Akaja mpaka nyumbani kwangu kuuliza wapi pa kumpeleka. Tulimwelekeza Moshi, hospitali ya KCMC, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia kanda yetu yote, na ambako hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda kilikatwa kingali kidogo. Mtu yule bado ananyolewa pale, anavaa kofia pana, na anamsumbua Mzee kwa habari za siasa.

Hata wenzetu wa mbali wameona thamani ya kiti hicho. Mwaka 2018 watafiti wa Los Angeles, Marekani, wakiongozwa na daktari Ronald Victor, walichapisha utafiti waliofanya kwenye maduka 52 ya vinyozi, kwa wanaume weusi 319 wenye shinikizo la damu. Kundi moja lilipimwa na kupewa dawa na wafamasia waliokuja palepale kwa kinyozi. Kundi la pili lilihimizwa na kinyozi kwenda kwa daktari. Baada ya miezi sita, ile namba ya juu ya shinikizo ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 27 katika kundi la kwanza, na 9 katika la pili. Kundi la pili nalo lilishuka kidogo, ingawa kinyozi hakugawa kidonge hata kimoja.

Najua mnachosema kimoyomoyo. Babu huyu hajui maisha ya saluni. Kiti ni cha tajiri, hesabu ya siku lazima ifike, kodi ya fremu inalipwa kwa miezi sita au mwaka, na kijana akikataa vichwa viwili asubuhi, jioni atakula nini? Hilo si la kupuuza, na sitaki kulifunika kwa maneno matamu. Mzee kibanda ni chake, hana tajiri, watoto wamekua. Kukataa kwake ni rahisi kuliko kwenu.

Nilimuuliza. Akaniambia kwamba hata yeye alipokuwa kijana wa kuajiriwa alikatazwa kukataa. Alichofanya ni kumwomba fundi wake jambo moja: kichwa chenye mashaka kiitiwe fundi mwenyewe akione. Fundi akiamuru kinyolewe, kinanyolewa, kwa chombo chake peke yake na kwa kuachwa kirefu. Baada ya muda fundi mwenyewe alichoka kuitwaitwa, akamruhusu aamue. Nanyi mkienda kuomba kazi, pamoja na kuuliza asilimia yenu ni ngapi, ulizeni: mteja mwenye ugonjwa wa ngozi, tajiri, hapa tunamfanyaje? Tajiri akikosa jibu, mmeshapata habari za saluni hiyo. Na wazazi mliopo, mkiwafungulia watoto hawa saluni, msiwadai hesabu ya kila siku kama bodaboda. Wadaini ya mwezi. Mtu mwenye mwezi mzima anaweza kukataa kichwa Jumatatu.

Mwaka huu nilipokwenda kwake nilikuta ule mpini wa wembe haupo mezani. Kwanza nilidhani umeibwa. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu, vidole vikawa vinatetemeka, si sana, lakini vinatetemeka. Macho nayo, hospitali ya mkoa walimwambia ana mtoto wa jicho. Wembe ameuacha. Ndevu hanyoi tena kwa wembe, watoto wachanga wa akika wanaoletwa siku ya saba anawarudisha, na mabwana harusi anawaelekeza kwa kijana wa saluni ya jirani. Mkasi na mashine ya mkono bado anavimudu, hivyo ndivyo anavyofanyia kazi. Kipato kimeshuka, kuna siku anaondoka na vichwa vitatu. Hakuna mteja aliyelalamika kukatwa, hakuna mkaguzi aliyemwambia aache. Alitazama mkono wake kama anavyotazama vichwa vya watu, akaukataa.

Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo yeye naye hunyolewa na kijana yuleyule wa saluni ya jirani. Kijana huyo alisoma chuo hiki, miaka michache kabla yenu. Nilipouliza kwa nini yeye na si mwingine, maana barabarani wapo wengi, Mzee alisema siku ya kwanza kijana alimgeuza kichwa mwangani kabla ya kuwasha mashine.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba nimalizie kwa jambo ambalo tumeshakubaliana na mkuu wa chuo. Mzee yuko tayari kuwapokea wahitimu wawili wawili, siku za Jumanne na Jumatano ambazo wateja wake ni wachache. Hatalipa wala halipwi. Chuo kitamchangia pamba na spiriti. Masharti yake ni haya: koti safi, kucha fupi, simu imezimwa, na siku ya kwanza hamtashika chombo chochote, mtakaa kwenye benchi na kumweleza mlichokiona kwenye kila kichwa kilichoingia. Anafungua saa moja asubuhi. Orodha iko kwa mwalimu wa taaluma, na kabla sijapanda jukwaani majina yalikuwa manne tu. Aliye tayari aandike jina lake kabla hajavua joho.

Asanteni kwa kunisikiliza.